Kununua Leo au Kungoja Kesho? Hesabu ya Prosesa ya Kompyuta

Mkulima wa pamba katika Wilaya ya Bunda huufahamu vyema mgogoro wa kungoja. Akipanda mara tu mvua za kwanza zinapodondoka, huenda jua likarudi na kuiunguza miche michanga. Akingoja hadi ardhi ilowe barabara, huenda msimu ukampita na pamba ikachelewa kukomaa. Mvuvi wa Musoma anayetaka kununua mashine ya mtumbwi naye hujiuliza kama inafaa aitwae iliyopo dukani, au avute subira mpaka bei ipungue. Wahenga hawakumrahisishia yeyote kati yao kazi hiyo. Walisema, "Subira huvuta heri", kisha wakasema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Methali zote mbili ni za kweli. Kinachotakiwa ni kujua ni ipi inayohusika, na wakati gani.

Swali hilo la kale limeingia katika shule, ofisi na karakana kwa sura mpya. Kila mwaka viwanda hutoa prosesa mpya za kompyuta, zenye kasi kubwa zaidi na sifa nyingi zaidi. Mtu mwenye fedha mkononi hujikuta njia panda: anunue prosesa ya daraja la juu sasa, ingawa anajua kwamba mwakani itakuja iliyo bora, au asubiri? Wengi hulijibu swali hili kwa kubahatisha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jawabu yaweza kupatikana kwa hisabati inayofundishwa katika shule za sekondari, na sehemu iliyobaki yaweza kupatikana katika historia ya Tanzania yenyewe.

Sehemu ifanyayo hesabu

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni kinachotekeleza maagizo ya programu. Ndani yake zimo transista, ambazo ni swichi ndogo mno za umeme. Kila swichi ama imefungwa ama imefunguliwa, na kwa mpangilio wa kufunga na kufungua huko hufanyika hesabu zote, huandikwa herufi zote na huchorwa picha zote. Kazi hiyo huongozwa na mapigo ya saa iliyomo ndani ya kompyuta. Prosesa yenye kasi ya gigahezi 3 hupokea mapigo bilioni 3 katika kila sekunde moja.

Mwaka 1965, Gordon Moore, mkemia wa Kimarekani ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alionyesha kwamba idadi ya sehemu zinazoweza kuwekwa juu ya kipande kimoja cha silikoni kwa gharama nafuu ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha makadirio yake, akasema itaongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili. Maneno hayo hujulikana kama Kanuni ya Moore. Si kanuni ya maumbile kama ile ya Newton. Ni maelezo ya mwenendo wa viwanda. Hata hivyo mwenendo huo ulidumu kwa namna ya ajabu.

Prosesa ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Ile ya 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa na 29,000. Ya 80386, mwaka 1985, ilikuwa na 275,000, na Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa na milioni 3.1. Kufikia mwaka 2020, prosesa ya Apple iitwayo M1 ilikuwa na transista bilioni 16. Mwanafunzi akigawanya namba hii ya mwisho kwa ile ya kwanza, ataona kwamba katika miaka 49 idadi imeongezeka karibu mara milioni 7. Hiyo ni sawa na kuzidisha kwa mbili takriban mara 23, yaani mara moja katika kila miaka miwili na kitu.

Hapo ndipo linapozaliwa shaka la mnunuzi. Kwa nini mtu anunue leo, ikiwa kesho itamletea maradufu?

Hesabu ya mwenye kungoja

Mwaka 1999 kikundi cha wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona, nchini Marekani, kilitoa andiko fupi kuhusu swali hilihili. Andiko lilikuwa na mzaha ndani yake, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Wanaastronomia huwa na hesabu ndefu ambazo kompyuta huzifanya kwa miezi mingi, na wao waliuliza: je, ipo hesabu ndefu kiasi kwamba mtu akikaa bila kufanya kazi, kisha akanunua mashine mpya, atamaliza mapema kuliko yule aliyeanza leo?

Chukulia kwamba kasi ya kompyuta huongezeka maradufu kila miezi 18, kama ilivyodhaniwa wakati ule. Ipo kazi itakayochukua miezi 60 kwa mashine ya leo. Anayeanza leo atamaliza baada ya miezi 60. Anayengoja miezi 18 atanunua mashine yenye kasi maradufu. Kazi itamchukua miezi 30, na jumla ni miezi 48. Amemshinda mwenzake kwa mwaka mzima. Anayengoja miezi 36 atapata mashine yenye kasi mara nne. Kazi itachukua miezi 15, na jumla ni 51. Anayengoja miezi 54 atafanya kazi kwa miezi 7 na nusu tu, lakini jumla yake ni 61 na nusu. Huyu amengoja kupita kiasi, na aliyeanza leo amemwacha nyuma.

Sasa chukulia kazi fupi zaidi, itakayochukua miezi 20 kwa mashine ya leo. Anayeanza leo atamaliza baada ya miezi 20. Anayengoja miezi 18 atafanya kazi kwa miezi 10, na jumla ni 28. Hapa subira haikuvuta heri yoyote.

Kwa hiyo upo mpaka. Ikiwa K ni muda wa kazi kwa mashine ya leo, na m ni miezi ya kungoja, basi muda wote ni J = m + K ÷ 2^(m/18). Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waliokwisha soma kalkulasi wanaweza kutafuta mahali ambapo J ni ndogo kuliko pengine pote. Wataona kwamba kungoja huanza kuwa na faida pale tu K inapozidi 18 ÷ 0.693, yaani miezi 26. Kazi iliyo fupi kuliko hapo ianzwe leo.

Jawabu hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kungoja si uvivu wakati wote. Lipo lengo ambalo mwenye subira hulifikia kwanza. La pili ni zito zaidi. Kazi nyingi za watu wa kawaida, kama kuandika barua, kutunza hesabu za duka, kuandaa mtihani au kuhariri picha, haziwi na urefu wa miezi 26. Ni kazi za saa au za siku. Kwa kazi za namna hiyo, kungoja kwa ajili ya kasi pekee hakuna hoja ya kihesabu.

Mwendo ulipopungua

Hesabu ya mwaka 1999 ilitegemea dhana kwamba kasi huongezeka maradufu kila miezi 18. Dhana hiyo haisimami tena kama ilivyosimama. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walieleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, voltaji na mkondo wake navyo vyaweza kupunguzwa kwa uwiano uleule. Kwa njia hiyo transista nyingi zaidi zingeweza kubanwa mahali palepale, na kufanya kazi kwa kasi zaidi, pasipo kuongeza joto. Kwa miaka thelathini hivi maelezo hayo yalitimia. Kisha, yapata mwaka 2005, yalikoma kutimia. Transista zilikuwa ndogo kiasi cha kuvujisha umeme, voltaji haikuweza kushushwa zaidi, na joto likawa kikwazo.

Matokeo yake yaonekana wazi katika mapigo ya saa. Mwaka 2004 prosesa ya Pentium 4 ilikwisha kufikia gigahezi 3.8. Karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 2023, prosesa za mezani zilizo juu kabisa zilifikia gigahezi 6, tena kwa vipindi vifupi. Viwanda viligeukia njia nyingine, yaani kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja. Prosesa yenye viini 16 ni kama karakana yenye mafundi 16.

Lakini mafundi 16 hawajengi ukuta mara 16 upesi zaidi, ikiwa kila mmoja hana budi kungoja mwenzake amalize safu ya chini. Jambo hilo lilielezwa na Gene Amdahl mwaka 1967. Ikiwa nusu ya kazi yaweza kugawanywa kati ya viini na nusu nyingine haigawanyiki, prosesa ya viini 16 itaharakisha kazi nzima kwa mara 1.88 tu. Hata kama sehemu 9 kati ya 10 zagawanyika, ongezeko ni mara 6.4, si 16. Mnunuzi anayehesabu viini bila kuitazama kazi yake anahesabu mafundi ambao wengi wao watakaa kivulini.

Kupungua kwa mwendo kunabadili pia hesabu ya kungoja. Tuseme kasi ya kiini kimoja inaongezeka kwa asilimia 15 kwa mwaka. Hapo kuongezeka maradufu kutachukua miaka 5 hivi, na ule mpaka wa miezi 26 unasogea hadi zaidi ya miaka 7. Maana yake ni hii: kadiri maendeleo ya prosesa yanavyopungua kasi, ndivyo hoja ya kungoja inavyodhoofika. Wengi hudhani kinyume chake.

Mwaka 1974: maamuzi mawili

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo swali hili liliwahi kuzikabili kama taifa zima. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka uleule ambao Moore aliandika makala yake. Kufikia mwaka 1974 kompyuta nchini zilikuwa saba. Majaribio ya kuziendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo yalileta gharama na hasara. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache, na maamuzi makubwa yalitegemea ushauri wa wageni. Wakati huohuo nchi ilikuwa imebanwa na ukame na kupanda kwa bei ya mafuta, na fedha za kigeni zilihitajika kwa kununulia chakula.

Mwaka huo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni kutoka nchi za nje. Aliyehitaji kompyuta alipaswa kuomba kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, taifa liliamua kungoja.

Je, lilifanya vema? Kwa upande wa mashine, waliongoja hawakukosa faida. Kompyuta za mwaka 1974 zilikuwa makabati makubwa yaliyohitaji vyumba maalumu, na bei yake ilikuwa mzigo kwa nchi changa. Mwaka huohuo Intel ilitoa prosesa ya 8080, na mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta ndogo ya mezani iliyoanza kuuzwa kwa dola 1,565. Aliyenunua baadaye alipata kwa fedha kidogo kitu ambacho mtangulizi wake hakuweza kukipata kwa fedha nyingi.

Kwa upande wa watu, hesabu ni tofauti. Ujuzi wa kompyuta haupatikani dukani siku mashine inapofika. Hujengwa mwaka baada ya mwaka na watu wanaoandika programu, wanaokosea, wanaotengeneza na kufundishana. Upungufu wa wataalamu ulikuwa miongoni mwa sababu za kuzifunga kompyuta nje, na kuzifunga nje kulifanya iwe vigumu kuwapata wataalamu hao.

Katika mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa Azimio la Musoma. Kabla ya hapo lengo lilikuwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1989. Azimio lilisogeza tarehe hiyo nyuma hadi mwaka 1977. Walimu hawakutosha, madarasa hayakutosha na vitabu havikutosha, na kila mmoja alilijua hilo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Ubora wa elimu uliathirika, na mjadala juu ya athari hizo umeendelea tangu wakati huo. Lakini watoto waliokuwa na umri wa kwenda shule mwaka 1977 waliingia darasani. Wangengojea mwaka 1989, wangekuwa watu wazima.

Maamuzi hayo mawili ya mwaka mmoja yanafaa kuwekwa bega kwa bega. Kwa mashine, uongozi ulisema, "Tungoje". Kwa watoto, ulisema, "Hatungoji". Kila uamuzi ulikuwa na gharama yake. Ila tofauti iliyo kati ya vitu hivyo viwili ndiyo kiini cha somo. Mashine isiyonunuliwa leo itakuwa bora au nafuu zaidi kesho. Mtoto asiyefundishwa leo hawi bora kwa kuachwa. Huzidi umri tu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kama angecheleweshwa miaka mingine 12, hakuna mbinu ya kiwanda ambayo ingeweza kuirudisha.

Bei, umeme na hatari nyingine

Kasi siyo jambo pekee la kupimwa. Prosesa ya daraja la juu huuzwa kwa bei kubwa zaidi siku inapotoka. Ryzen 9 7950X ya kampuni ya AMD, yenye viini 16, ilitoka mwezi Septemba 2022 kwa bei ya dola 699. Miezi michache baadaye ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya dola 600. Mwenye haraka alilipia haraka yake.

Tena, kipya hakijajaribiwa. Mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile zenye nguvu kubwa, zilikuwa zikipokea voltaji iliyozidi na kuharibika polepole. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu ya ndani na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Walionunua mapema ndio waliougundua ugonjwa huo, kwa gharama yao.

Hata hivyo si kila anayengoja hukuta bei imeshuka. Mwezi Oktoba 2011 mafuriko nchini Thailand yalivikumba viwanda vya diski za kompyuta, na bei ya diski ikapanda karibu maradufu. Kati ya mwaka 2020 na 2022 uhaba wa vipande vya semikonda ulipandisha bei za vifaa vingi, hasa kadi za picha. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta ilipanda mno, kwa sababu vituo vikubwa vya akili bandia vilikuwa vikizinunua kwa wingi. Anayengoja prosesa ishuke huenda akakuta vifaa vinavyoambatana nayo vimepanda.

Umeme nao una hesabu yake. Ile 7950X imepimwa kwa wati 170, na ndugu yake Ryzen 5 7600, yenye viini 6, kwa wati 65. Tofauti ni wati 105. Kama zote mbili zingefanya kazi kwa nguvu yote saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 40 za masomo, tofauti ingekuwa kilowati-saa 126 kwa mwaka kwa kila kompyuta. Ni kweli kwamba prosesa ya darasani mara nyingi haifikii nguvu hiyo. Lakini umeme unapokatika, betri ya akiba hulemewa upesi zaidi na mashine yenye njaa kubwa.

Watu watatu, majibu matatu

Fikiria sasa watu watatu katika Mkoa wa Mara.

Wa kwanza yuko Musoma mjini. Hupiga na kuhariri filamu za harusi. Kompyuta yake huchukua saa 10 kuikamilisha filamu moja, na ana filamu 3 kwa wiki. Prosesa ya daraja la juu ingeifanya kazi hiyo kwa saa 4. Angeokoa saa 18 kila wiki. Tuseme prosesa hiyo inauzwa shilingi milioni 1.8, na akingoja miezi sita, yaani wiki 26, bei itapungua kwa asilimia 20. Atakuwa ameokoa shilingi 360,000 na kupoteza saa 468. Kila saa aliyoipoteza ameiuza kwa shilingi 769. Ikiwa wateja wanangoja mlangoni na saa moja ya mashine yake humpa zaidi ya hapo, basi anunue leo. Ikiwa kompyuta hukaa bure nusu ya wiki, asubiri bila wasiwasi.

Wa pili ni kamati ya shule ya sekondari wilayani Bunda. Fedha zilizochangwa zatosha kununua ama kompyuta 4 zenye prosesa za juu, ama 10 zenye prosesa za wastani. Darasa lina wanafunzi 40, na vipindi viwili pamoja ni dakika 80. Kwa kompyuta 4, wanafunzi 10 watabanana kwenye kila mashine, na kila mmoja atagusa kibodi kwa dakika 8. Kwa kompyuta 10, kila mmoja atapata dakika 20. Kuandika, kutengeneza majedwali na kujifunza programu za mwanzo hakuhitaji viini 16. Na kamati ikingoja miaka miwili ili ipate mashine bora, mwanafunzi aliye kidato cha tatu leo atakuwa amekwisha fanya mtihani wa kidato cha nne na kuondoka bila kuzigusa. Jawabu lake ni kununua sasa, tena za wastani.

Ila kamati hiyo haina budi kuwa na macho inapofika sokoni. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Tanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Kompyuta nyingi zilizokwisha tumika, zinazouzwa kwa bei ya kuvutia, ni za vizazi hivyo vya nyuma. Anayezinunua ajue kwamba atalazimika kuziwekea mfumo mwingine, kama Linux, ambao hautozwi malipo, na awe na mwalimu anayeweza kuutunza. Aidha, kamati iulize kuhusu soketi. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea prosesa za vizazi kadhaa, kuanzia zile za Ryzen za mwaka 2017 hadi zile za mwaka 2022. Aliyenunua ya wastani mwanzoni aliweza kuing'oa na kupachika yenye nguvu zaidi baadaye, kwenye ubao uleule. Huko ndiko kununua na kungoja kwa pamoja.

Wa tatu yuko Butiama. Anataka kuhifadhi picha na nyaraka za zamani za kijiji kwa kuzipiga skani kabla mchwa na unyevu havijazimaliza. Amekusudia kuanza kwa kununua prosesa kubwa. Lakini karatasi hupita katika skana moja moja, na prosesa ya wastani huikamilisha kila picha kabla karatasi inayofuata haijalazwa juu ya kioo. Kizuizi kiko mkononi na kwenye skana. Fedha yake iende kwenye skana njema na diski mbili, moja ya kazi na nyingine ya akiba, na kazi ianze mara moja. Mchwa hawangoji kizazi kipya cha prosesa.

Muhtasari wa uamuzi

Mambo yote hayo yaweza kukusanywa katika maswali manne, nayo yaulizwe kwa utaratibu huu. Je, prosesa ndiyo inayoichelewesha kazi, au ni kitu kingine? Ikiwa ndiyo, je, kazi hiyo inagawanyika kati ya viini vingi? Ikiwa inagawanyika, je, kila mwezi wa kungoja unagharimu kiasi gani kwa saa, kwa fedha na kwa watu, na gharama hiyo inazidi punguzo la bei linalotarajiwa? Mwisho, je, ipo njia ya kununua kidogo leo bila kujifungia mlango wa kuongeza kesho?

Anayejibu maswali hayo kwa namba hatababaishwa na tangazo la kizazi kipya, wala hatakaa milele akingojea mashine ya mwisho, ambayo haitatoka kamwe. Mkulima wa Bunda hajui mvua ya kesho, lakini huutazama udongo, huzihesabu mbegu zake, hupanda sehemu ya shamba kwa mvua ya kwanza na kubakiza mbegu nyingine ghalani.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Kazi fulani inachukua miezi 40 kwa mashine ya leo. Ikiwa kasi huongezeka maradufu kila miezi 18, linganisha muda wote wa anayeanza leo, anayengoja miezi 9, na anayengoja miezi 18. Nani anamaliza kwanza?

2. Robo tatu ya kazi yaweza kugawanywa kati ya viini. Tafuta ongezeko la kasi kwa viini 4, 8 na 16. Je, viini vikiwa vingi bila mwisho, ongezeko litafika wapi?

3. Chunguza kompyuta moja ya shuleni au ya ofisi iliyo jirani. Kwa siku moja, andika ni kazi gani zinazofanywa na ni mara ngapi mtumiaji humngojea prosesa, na mara ngapi prosesa humngojea mtumiaji. Jadili darasani kama mashine hiyo yahitaji kubadilishwa.